Bachcha, beta, chokra au baba: uchague lipi Mhindi anapomwita mtoto katikati ya Kiingereza?

Ukipewa muswada wa tamthilia ya India uutie Kiswahili, na muswada wenyewe umekwisha kupitia Kiingereza, kuna maneno utayakuta yamebaki na Uhindi wake. La mtoto ndilo linalosumbua zaidi, kwa sababu si moja. Bibi anasema bachcha. Mama anasema beta. Mwenye mgahawa anapaza sauti: chokra! Dada wa kazi anamwambia mvulana wa miaka mitano: baba. Kamusi ndogo itakupa jibu lilelile kwa yote manne, na ukiliandika jibu hilo kila mahali, tamthilia nzima inapoteza ngazi zake: nani mkubwa, nani mdogo, nani analipa na nani analipwa.

Shida hiyohiyo humpata Mswahili anayeandika hadithi kwa Kiingereza na kumweka ndani yake mzee wa Kihindi wa Mombasa. Humpata pia anayefanya kazi na Wahindi Dubai au Muscat, anayesikia maneno haya kila siku na kujiuliza kama naye anaruhusiwa kuyatamka.

Msimamo wangu niuseme mapema: umri wa mtoto hausaidii sana katika kuchagua. Anayeongea ndiye anayeamua. Mvulana yuleyule wa miaka kumi anaweza kuwa beta kwa mama yake, bachcha kwa mwalimu wake, baba kwa mpishi wao. Na laiti angezaliwa nyumba ya pili, yenye dhiki, angekuwa chokra kwa mwenye duka.

Vipimo

Nitayapima maneno yote kwa mambo matano. La kwanza, je, neno ni la kumwita mtoto au la kumtaja akiwa hayupo? Kiswahili chenyewe kinaijua tofauti hiyo: "mwanangu" ni la kuita, "kitoto kile" ni la kutaja, na kuyabadilishana nafasi kunachekesha. La pili ni hadhi, yaani neno linamshusha mtoto, linampandisha au linamwacha alipo. La tatu ni zama na mahali, maana Kiingereza cha Kalkuta ya mwaka 1880 si cha Delhi ya leo. La nne ni umbo lake katika maandishi ya Kiingereza: tahajia, wingi na jinsia. La tano ni Kiswahili kinachoweza kulibeba.

Kuhusu jinsia, kuna kanuni moja inayofaa kwa karibu yote: mwisho wa -a ni wa kiume, mwisho wa -i ni wa kike. Bachcha na bachchi, beta na beti, chokra na chokri. Baba peke yake ndilo lina mambo yake, tutalifikia.

Bachcha

Neno hili lilitoka Kiajemi, likakaa katika Kihindi na Kiurdu, kisha likapenya Kiingereza cha India kwa mlango wa mazungumzo. Huliandiki kwenye barua ya benki. Ni la sebuleni, chuoni, na la ofisini wakati wa chai. Aliyewahi kumtaja mwigizaji Amitabh Bachchan amekwisha kutamka ndugu yake wa karibu: babake, mshairi Harivansh Rai, alizaliwa katika ukoo wa Srivastava mwaka 1907, na Bachchan lilikuwa jina lake la kudekezwa utotoni, lenye maana ya kitoto. Akalifanya jina la ushairi, na familia ikalichukua kuwa jina la ukoo. Kwa hiyo yule bwana mrefu mwenye sauti nzito, aliyezaliwa 1942, anabeba hadi leo jina la mtoto mchanga.

Kuita au kutaja. Zaidi ni la kutaja: bachcha wangu yuko shule, yule bachcha wa jirani. Kuita kupo pia, hasa India ya kaskazini, ambako mwalimu huwasalimu wanafunzi wake kwa "bachcho", yaani watoto nyie. Watoto wakiwa genge, kwenye harusi kwa mfano, Kiingereza cha India huwaita "bachcha party": wale wanaokaa meza yao, wanaomwaga soda na kulala kwenye viti kabla bibi harusi hajatoka.

Hadhi. Hapa ndipo penye kazi. Likitajwa kuhusu mtoto halisi ni neno la upole tu. Likitajwa kuhusu mtu mzima linageuka: "He's still a bachcha" maana yake hajakomaa, hajui kazi, bado ananuka maziwa. Chuo Kikuu cha Delhi kuna neno fachcha kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, ambamo bachcha limeunganishwa na fresher, neno la Kiingereza la mgeni wa chuo. Wanalisema kwa kicheko na kwa kamdomo fulani, kama sisi tunavyosema njuka Tanzania au mono Kenya.

Kisha kuna matusi. Kihindi hutumia bachcha kwa watoto wa wanyama pia, hivyo "mtoto wa nguruwe" au "mtoto wa mbwa" hutengenezwa kwa neno hilihili, na hakuna upole wowote hapo. Mtego mkubwa kuliko tusi, hata hivyo, ni huu: mtu akiitwa kwa jina lake likifuatwa na "ke bachche", haulizwi habari za watoto wake. "Raju ke bachche!" anaambiwa Raju mwenyewe, na anayemwambia ameshika ufagio. Kiswahili chake ni "Wewe Raju wewe!" au "Ngoja nikukamate, Raju!" Ukiandika "watoto wa Raju", mtazamaji atakaa anasubiri watoto waingie.

Zama na mahali. La jana na la leo. Linaeleweka sehemu kubwa ya India ya kaskazini, Pakistan, na kwa Wahindi walioko Uingereza na Ghuba. Kusini, ambako lugha za nyumbani ni Kitamil, Kimalayalam, Kitelugu na Kikannada, usimpe bibi wa kijijini neno hili bila sababu. Mpe mjukuu wake anayesoma Delhi.

Umbo. Utaliona limeandikwa bachcha, baccha na bacha. Mimi nasimama na la kwanza, ingawa konsonanti zake zinachosha macho. Sauti ya ch katika neno hili imekazwa, na Kihindi hakisamehe: bacha isiyokazwa ni "amesalimika" au "kimebaki". Halafu bacha ina maisha mengine upande wa Afghanistan. Huko "bacha posh" ni msichana aliyevishwa na kulelewa kama mvulana, na katika Kipashto bacha ni mfalme, ndiyo maana Abdul Ghaffar Khan, kiongozi wa Wapashtuni, alijulikana kama Bacha Khan. Herufi mbili za ziada zinakuepusha na yote hayo. Kwa wingi, Kiingereza cha India hukubali bachchas, na pia bachche kwa Kihindi chake. Chagua moja, usichanganye katika ukurasa mmoja.

Kiswahili. Kwa mtoto halisi, "mtoto" inatosha, au "kitoto" kama kuna huruma ndani yake. Kwa mtu mzima anayedharauliwa, "dogo" ya Tanzania inakaa vizuri ajabu, maana nayo ina mapenzi na dharau kwa pamoja, na "bado mtoto wewe" inafaa kila mahali.

Linamfaa nani? Anayetafuta neno la jumla, lenye joto la nyumbani, bila kujifunga kwenye uhusiano wa damu. Halimfai anayetaka adabu.

Beta

Maana yake ya kamusi ni mwana wa kiume. Maana yake ya maisha ni pana zaidi: kila mdogo anayeongea na mkubwa wake ni beta, awe wa kuzaa au wa kupita njiani. Mama mzee akiuliza njia Mumbai atamwita beta kijana asiyemjua, na kijana ataona ni haki yake.

Kuita au kutaja. Kuita, karibu kila mara. Likija katikati ya sentensi ya Kiingereza huja mwanzoni au mwishoni, baada ya koma: njoo ule, beta. Kutaja kupo ("beta wake yuko Toronto") lakini hapo linarudi kuwa mwana wa kiume kamili, na ladha ya kubembeleza inapungua.

Hadhi. Linapandisha kwa mapenzi na linashusha kwa umri, vyote kwa mpigo. Ndiyo maana halisemwi na mdogo kwa mkubwa, wala rika kwa rika isipokuwa kwa utani. Bosi wa miaka hamsini akimwita beta mfanyakazi wa miaka thelathini mbele ya wateja, wengine watasikia baba mlezi na wengine watasikia kudharauliwa. Katika filamu, polisi au jambazi akilitamka polepole kwa mtu mzima, ni tishio tupu. Wazazi wengi humwita binti pia beta badala ya beti, kwa upendo, na wapo wanawake wanaouliza kwa nini upendo ukizidi ni lazima uvae jina la mwanamume. Swali zuri, mtafsiri hahitaji kulijibu, ila asishtuke kumwona msichana akiitwa hivyo na kudhani muswada umekosewa.

Zama na mahali. Limesambaa kuliko yote. Kihindi na Kiurdu wanalo, na Wahindi wa Trinidad, ambao wazee wao walianza kufikishwa huko mwaka 1845, wanalijua beta na beti. Katika familia za Kihindi za Afrika Mashariki, nyingi zenye asili ya Gujarat na Kutch, utalisikia sambamba na dikra, ambalo ni la Kigujarati na lina kazi ileile. Mhusika wako akiwa mzee wa Kigujarati wa Zanzibar, dikra litamfanya awe mtu wa mahali fulani. Beta litamfanya awe Mhindi wa popote.

Umbo. Tahajia haina ugomvi. Tatizo ni msomaji wa Kiingereza asiyejua India, ambaye ataliona beta na kufikiria herufi ya Kigiriki au programu ambayo haijakamilika. Koma na mazungumzo yanayolizunguka humrudisha njiani. Usiliwekee mlazo, mhusika hasemi kwa mlazo. Kamusi ya Oxford iliongeza takriban maneno 70 ya asili ya India mwaka 2017, yakiwemo ya undugu kama abba (baba) na anna (kaka), na msomaji wa leo amezoea kukutana nayo bila kushikwa mkono.

Kiswahili. "Mwanangu", na hapa Kiswahili kinakishinda Kiingereza kwa mbali. Neno hili halina jinsia, hutumika kwa mtoto wa kuzaa na wa njiani, na linaweza kutisha: "Mwanangu, utakiona." Angalizo moja tu: vijana wa mjini Tanzania huitana "mwanangu" kama marafiki. Ukilitia kinywani mwa bibi hakuna shida. Ukilitia kinywani mwa kijana wa miaka ishirini akimwambia mwenzake, mtazamaji hatasikia tena umri. Bibi kwa mjukuu, "mjukuu wangu" ni wazi zaidi, japo Kihindi chake kilikuwa beta tu.

Linamfaa mwandishi anayetaka kuonyesha malezi, nasaha, au utawala wa wazee uliojificha ndani ya upole.

Chokra

Hili ndilo lenye historia chungu, na ndilo watu wengi hulitumia kwa wepesi kwa sababu lina mdundo mzuri.

Kihindi kinasema chhokra: mvulana, kijana. Waingereza wa India wakalichukua na kulipa kazi. Hobson-Jobson, kamusi kubwa ya maneno ya Kiingereza cha India iliyoandikwa na Henry Yule na A. C. Burnell na kutoka mwaka 1886, inalieleza kuwa ni mvulana, na hasa mvulana anayefanya kazi za nyumba au za kikosi cha jeshi. Hapo neno limekwisha kuacha kuwa umri na kuwa cheo cha chini kabisa katika orodha ya watumishi: anayekimbizwa kuchota maji, kushika farasi, kubeba viatu.

Afrika Mashariki inaijua hadithi hiyo kwa ndani. Walowezi wa Kenya walikata "mtoto" wakapata toto, wakaliingiza katika Kiingereza chao kwa mtoto wa Kiafrika, kwa kijana wa kusaidia jikoni, na kwa ndama au mtoto wa simba vilevile. Neno moja kwa mtumishi na kwa mnyama. Anayetaka kujua chokra lilisikika vipi masikioni mwa aliyeitwa hivyo, aanzie hapo.

Kuita au kutaja. Yote mawili. Likiitwa kwa sauti kutoka barazani ni amri, si jina.

Hadhi. Katika Kiingereza cha zama za ukoloni linashusha, hata pale msemaji alipodhani anamtania kijana wake. Katika Kihindi cha mtaani Mumbai leo, chhokra na chhokri ni kijana na msichana tu, pengine mpenzi wa mtu, bila utumishi wowote. Kwa hiyo muswada wa kisasa ukikupa "that chokra", sikiliza kwanza: ni mama anayelalamikia kijana anayemfuata binti yake, au ni tajiri anayemwita mhudumu?

Zama na mahali. Kwa hadithi ya kabla ya uhuru wa 1947, ni sahihi kihistoria. Kwa kibanda cha chai cha leo, neno halisi ni jingine: chhotu, "mdogo", jina analopewa kila mvulana anayepeleka vikombe, awe na jina lake asiwe nalo. Sheria ya India ya mwaka 1986 ilizuia watoto katika kazi fulani, na marekebisho ya 2016 yakapiga marufuku kuwaajiri walio chini ya miaka 14 isipokuwa kusaidia familia yao au kazi za sanaa kwa masharti. Sheria ya elimu ya 2009 nayo inampa kila mtoto wa miaka 6 hadi 14 haki ya shule bila malipo. Chhotu bado anaonekana kwenye filamu, na mwandishi wa leo akimweka, anajua anaweka swali la kisheria mezani pamoja na chai. Inafaa kukumbuka kuwa shirika la Kailash Satyarthi, aliyepata Nobel ya Amani mwaka 2014 pamoja na Malala Yousafzai, linaitwa Bachpan Bachao Andolan, harakati ya kuokoa utoto. Bachpan, utoto, ni wa ukoo wa bachcha. Hakuna aliyefikiria kulitafuta jina lake upande wa chokra.

Umbo. Chokra katika vitabu vya Kiingereza, chhokra kwa anayefuata Kihindi. Wingi chokras.

Kiswahili. Kwa zama za ukoloni tuna neno lililozaliwa katika mazingira yaleyale: "boi". Linabeba sare, tarishi na dharau bila maelezo. Kwa kisasa, "kijana wa kazi", au "kijana" peke yake, au "dogo" kama ni mtaani. Ila usivutwe na sauti ukaandika chokoraa. Kiswahili kina kitenzi chake cha kuchokora, kuchimbuachimbua kwa kitu chenye ncha, na chokoraa wa Nairobi ni mtoto anayeishi mitaani. Chokra wa Kiingereza cha India ana bwana, ana mahali pa kulala hata kama ni veranda, na kosa lake likitokea kuna wa kumkata mshahara. Kumfanya chokoraa ni kumfukuza kazi ambayo hadithi haijamfukuza.

Linamfaa mwandishi wa hadithi za kihistoria na mtafsiri wa filamu za zama za Waingereza. Mfanyakazi wa kawaida anayetaka kuonekana anajua Kihindi, hapana, halimfai kabisa.

Baba

Msomaji wa Kiswahili anaingia hapa akitabasamu, na asiharakishe. Baba kama baba mzazi lipo pia India: Kibengali na Kimarathi wanalitumia hivyo, na wazee na watu wa dini huitwa baba kote. Lakini katika nyumba za Waingereza wa India, baba alikuwa mtoto. Hobson-Jobson inasema lilitumiwa na Wazungu na watumishi wao kwa watoto wa nyumba, mara nyingi kwa wingi wa "baba log", kina baba, na inaongeza kwamba wenyeji wenyewe kwa wenyewe hawakuwa na mazoea hayo. Huenda baby, neno la Kiingereza la mtoto mchanga, ndilo lililolivuta. Msichana alikuwa "missy baba".

Kuita au kutaja. Yote, na mara nyingi likifuata jina: Rohan baba. Hapo ndipo Mswahili anapoanguka, kwa sababu kwetu Baba Rohan ni mtu mwenye ndevu na ada za shule. Rohan baba ndiye anayelipiwa ada. Mwigizaji Sanjay Dutt, aliyezaliwa 1959 na wazazi wote wawili waigizaji, anaitwa Sanju Baba mpaka sasa. Jina la mtoto wa nyumba kubwa ambalo halikukubali kuzeeka.

Hadhi. Linapanda. Mtumishi mtu mzima anamwambia mtoto wa tajiri yake, na kimo cha mtoto hakihusiki. Mwenye nyumba akilitumia kwa mwanawe ni mapenzi tu. Na "arre baba!" si la mtoto yeyote, ni "jamani!" ya kuchoka.

Zama na mahali. Lilianzia kwa wakoloni, likabaki katika nyumba za wenye nacho za Delhi na Mumbai, ambako mvulana ni baba na msichana ni baby. Ghuba linakuwa gumu zaidi: wafanyakazi wa nyumbani katika nyumba za Waarabu huwaita waajiri wao baba na mama, kwa hiyo ghorofa moja ya Muscat inaweza kuwa na baba anayetoa mshahara mlango huu na baba anayekataa kula ndizi mlango wa pili.

Umbo. Baba, bila mwisho wa kike. Kwa sasa baby ndiyo hufunga pengo hilo.

Kiswahili. Kuna kishawishi cha kuliacha lilivyo, maana nasi mama humwita mwanawe mdogo "baba" akimbembeleza: "Baba, njoo unywe uji." Kama anayesema ni mama au nyanya, liache, litakaa vizuri kuliko tafsiri yoyote. Kama anayesema ni mtumishi, kuliacha kunafuta tofauti ya mwenye nyumba na asiye nayo. "Bwana mdogo" inairudisha katika hadithi za zamani. Katika za kisasa, hasa Tanzania, "bwana mdogo" ni mkubwa akimwambia kijana, hivyo mwelekeo unapinduka, hapo bora jina la mtoto, na adabu iingie kwenye kitenzi: "Rohan, naomba uje ule."

Linamfaa anayeandika kuhusu nyumba yenye watumishi. Nje ya nyumba hiyo halina kazi kubwa.

Mengine, kwa haraka

Munna na munni ni ya mtoto mdogo sana, ya kudekeza, na mtu anaweza kufa nayo kama jina la mtaani. Puttar ni la Kipunjabi na lina uzito wa shamba na jeshi. Kanna ni la Kitamil, tamu kabisa, na ndilo la kumpa yule bibi wa kusini niliyemnyima bachcha. Na lipo chaguo la kutotumia neno la Kihindi hata moja: kid. Halina makosa, halina mtego. Linapoteza kila kitu nilichokieleza hapo juu, lakini katika taarifa ya habari au ripoti ya shule hicho ndicho unachotaka kipotee.

Uko katika hali gani?

Unatafsiri tamthilia ya kisasa ya familia: beta liwe "mwanangu" karibu kila mara, bachcha ulipime kila sentensi, na kabla ya kugusa baba angalia nani ameshika sinia.

Unatafsiri filamu ya zama za Waingereza: chokra liwe "boi", baba liwe "bwana mdogo", missy baba "bibi mdogo". Usilainishe. Aliyeandika alitaka lisikike.

Unaandika hadithi kwa Kiingereza yenye Wahindi wa pwani yetu: dikra kwa Wagujarati, beta kama hutaki kutaja asili, bachcha kwa vijana waliosoma India na kwa watoto wakiwa kundi. Chokra liweke tu kinywani mwa mtu ambaye uko tayari msomaji amchukie kidogo.

Unaandika kwa wasomaji wasioijua India kabisa: neno moja kwa hadithi nzima, na beta ndilo linalojieleza lenyewe upesi. Manne kwa pamoja yatamchosha msomaji kabla hajawajua wahusika.

Unafanya kazi katika nyumba ya Wahindi, Ghuba au nyumbani: mwite mtoto kwa jina mpaka usikie wenyewe wanamwitaje, kisha fuata. Beta ni lako kama umri wako unaruhusu, na mama wa mtoto hatakasirika. Bachcha waachie wao.

Uko ofisini na wenzako wa Kihindi: cheka wanapoitana bachcha, usiwe wa kwanza kumwita mtu hivyo, na kamwe si mbele ya bosi wake. Ukiitwa wewe, tazama kama aliyesema amekuletea na chai.